Jinsi alama zinavyochorwa kwenye skrini ya rada ya kijeshi: uzi kuhusu mwale na maikrosekunde zake

Mleta mada

Wadau, nyuzi nyingi za rada huzungumzia antena, nguvu ya mpigo na umbali wa kuona, kisha huishia pale mwangwi unapopokelewa. Uzi huu unaanzia hapo. Nataka tutazame kazi ya kuchora alama kwenye kioo cha mwendeshaji: lile duara, mraba au pembe inayokaa juu ya shabaha, mstari mfupi unaoonyesha mwendo na uelekeo wake, na herufi chache pembeni. Nimekaa na suala hili kwa miezi kadhaa, nikiwa na oskiloskopu ya zamani (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) mezani, na nimeridhika kwamba tatizo kubwa la mtambo huu ni muda. Kuchora pembe hakumshindi mtu; kuipatia pembe hiyo maikrosekunde 15 (maikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde) katikati ya shughuli nyingine zote za mwale wa elektroni unaochora kwenye kioo ndiko kunakomtoa mhandisi jasho.

Skrini ninazozungumzia ni za bomba la kathodi, yaani ukoo uleule wa televisheni za kichogo. Televisheni hupitisha mwale wa elektroni safu kwa safu kutoka juu hadi chini, hata pale pasipo na kitu cha kuonyesha. Skrini ya rada yenye umbo la ramani ya duara hufanya vingine: kila rada inapotuma mpigo, mwale huondoka katikati na kukimbilia ukingoni kwa uelekeo uleule ambao antena inatazama, na mwangwi ukirudi, mwale huongezwa nguvu na kuacha nukta inayong'aa mahali hapo. Alama huchorwa kwa njia ya tatu. Mwale huachwa uende popote kama kalamu mkononi, ukiwashwa penye mstari na kuzimwa pasipo na mstari. Nitauita uchoraji wa mistari, ili tusiuchanganye na ule wa safu.

Kabla ya njia hii kuenea palikuwa na nyingine ya ajabu kidogo. Mfumo wa ulinzi wa anga wa Marekani uitwao SAGE, ulioanza kazi mwaka 1958, ulitumia bomba la Charactron, ambalo ndani yake mlikuwa na bamba jembamba la chuma lililotobolewa maumbo ya herufi na alama. Mwale ulielekezwa kwenye tundu la herufi inayotakiwa, ukatokea upande wa pili ukiwa na umbo la herufi hiyo, kisha ukapelekwa mahali pake kwenye kioo. Ni ubunifu ninaouheshimu, lakini alama ulizonazo ni zile zilizotobolewa kiwandani, na ukitaka nyingine itabidi utafute bomba jingine.

Alama nitakazotumia kama mfano ni za NTDS, mfumo wa Jeshi la Wanamaji la Marekani uliojaribiwa baharini mwaka 1961 na 1962 kwenye meli Oriskany, King na Mahan. Lugha yake ni fupi na inaeleweka haraka: rafiki ni duara, adui ni mraba uliosimamishwa kwenye ncha, asiyejulikana ni mraba wa kawaida. Umbo zima ni chombo cha juu ya maji, nusu ya juu ni cha angani, nusu ya chini ni cha chini ya maji. Kwa hiyo ndege ya adui ni pembe iliyoelekea juu kama paa la nyumba, na nyambizi ya adui ni paa hilohilo lililopinduliwa.

Mleta mada

Naendelea. Tuichore ndege ya adui kwa namba.

Weka sifuri katikati ya shabaha, na uamue kwamba hakuna mstari utakaozidi vipimo 3 kwenda upande wowote. Kila mstari unaandikwa kwa neno moja la biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1. Biti ya kwanza inasema kama mwale uwake au uzimwe. Biti tatu zinazofuata ni mwendo wa mlalo, ya kwanza kati yake ikiwa ishara, ambapo 1 ni hasi; tatu nyingine ni mwendo wa wima kwa utaratibu huohuo; na ya mwisho inasema kama alama imekwisha. Mpango huu wa biti ni wangu wa mezani, na mitambo halisi ilikuwa na upana na mipangilio tofauti, ila wazo ni hilohilo. Paa letu ni maneno matatu:

01110000
10110110
10111111

Neno la kwanza linasema: mwale ukiwa umezimwa, nenda vipimo 3 kushoto. La pili: washa, nenda 3 kulia na 3 juu. La tatu: endelea kuwaka, nenda 3 kulia na 3 chini, kisha maliza. Ukitaka meli ya adui, geuza biti ya mwisho ya neno la tatu iwe 0, kisha ongeza 11111110 na 11110111, na mwale utazunguka hadi ulipoanzia. Maneno haya hukaa kwenye kumbukumbu ya kusoma tu. Kompyuta ya mfumo haijui chochote kuhusu mistari. Yenyewe hutuma namba ya alama na mahali pa kuiweka, namba ya alama ikageuka kuwa anwani ya neno la kwanza, na kihesabio kikapanda neno baada ya neno mpaka kikutane na biti ya kumalizia.

Namba zikishasomwa, lazima ziwe umeme wa kusukuma mwale, na hapo pana njia mbili kuu. Ya kwanza hutumia vihesabio viwili vinavyopanda na kushuka, kimoja cha mlalo na kingine cha wima, vikilishwa midundo na saketi inayogawa midundo ya saa kulingana na ukubwa wa namba. Chipu ya 7497 yenye biti 6 ilitengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Kihesabio hulisha kigeuzi, yaani saketi ya kugeuza namba kuwa volti, na mstari hutokea kama ngazi ndogondogo zinazolainishwa na kichujio. Njia ya pili hugeuza namba kuwa mkondo wa umeme, ukaachwa ujaze kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) kwa muda uliopangwa. Volti ya kapasita hupanda kwa mwendo laini, na mstari hutoka umenyooka bila ngazi yoyote. Mimi naipenda ya pili kwa uzuri wa mstari wake, ingawa kapasita huvuja na kukosea, kwa hiyo lazima irudishwe sifuri kabla ya kila alama, la sivyo makosa ya alama moja yanahamia kwenye inayofuata.

Jambo ambalo vitabu hulipita upesi, nami lilinipotezea wiki mbili, ni kutenganisha mahali pa alama na umbo lake. Mwanzoni nilijumlisha namba zote kwenye maikrokontrola na kutoa jumla hiyo kwa kigeuzi kimoja cha biti 10. Alama zilikuwa safi kila mahali isipokuwa katikati ya skrini, ambako kila mstari uliokatiza ulikuwa na kijipindo, kana kwamba kioo kina ufa wenye umbo la msalaba. Chanzo ni kwamba kutoka 511 kwenda 512 biti zote kumi hugeuka kwa pamoja, na kwa kuwa haziwahi kugeuka kwa wakati mmoja kabisa, volti hutoa mwiba. Tiba ni kuwa na kigeuzi kikubwa cha mahali na kidogo cha umbo, kisha kujumlisha volti zao. Cha mahali hubadilika mwale ukiwa umezimwa, mwiba wake ukapita bila kuonekana, kisha kikatulia kimya wakati kile kidogo kinachora.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, shukrani kwa maelezo. Nina swali ambalo huenda ni la kitoto: kwa nini wasingetumia safu kama televisheni, kila nukta ikawa na biti yake kwenye kumbukumbu? Mahesabu ya mwale, vigeuzi na kapasita yote yangeondoka.

Mleta mada

Swali ni la msingi, ndugu yangu, na jibu lake linategemea mwaka. Skrini ya nukta 1,024 kwa 1,024, yenye biti moja tu kwa kila nukta, inahitaji biti 1,048,576. Chipu ya kumbukumbu ya Intel 1103, iliyotoka mwaka 1970, ilibeba biti 1,024. Ungehitaji chipu 1,024 kwa skrini moja, bila rangi na bila viwango vya mwangaza, na meli ina skrini nyingi. Orodha ya shabaha mia moja kwa uchoraji wa mistari inaingia kwenye maneno mia chache tu.

Ipo pia sababu ya macho. Kwenye safu, mstari wa mshazari huonekana kama ngazi, na mwale hutumia sehemu kubwa ya muda wake ukipita penye giza. Kwenye uchoraji wa mistari, mwale huishi juu ya mistari yenyewe, hivyo mwanga wote unaenda panapotakiwa. Ndiyo maana vioo vya mbele ya rubani wa ndege za kivita vilibaki na uchoraji wa mistari kwa muda mrefu: alama lazima isomeke juu ya wingu lenye jua kali. Usiku, palipohitajika picha ya kamera ya joto, vioo hivyo vilichora picha kwa safu, na alama zikachorwa kwa mistari katika ule muda mfupi ambao mwale unarudi juu kuanza picha mpya.

Na hilo linanileta kwenye bajeti ya muda, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuanzisha uzi huu. Mawimbi ya rada huchukua maikrosekunde 12.36 kwenda na kurudi kwa kila maili moja ya baharini. Tuchukue rada inayotuma mipigo 300 kwa sekunde; kati ya mpigo na mpigo kuna maikrosekunde 3,333. Mwendeshaji akitazama hadi maili 200, mwale unashughulika na mwangwi kwa maikrosekunde 2,472. Zinabaki 861, na ndizo zinazotumika kuchora alama.

Shabaha moja inagharimu nini? Mwale kuhamia mahali pake na kutulia, tuseme 20. Alama, 15. Mstari wa mwendo, 10. Herufi nne kwa 15 kila moja, 60. Jumla ni 105. Katika nafasi moja ya 861 unachora shabaha 8, kwa sekunde ni 2,400, na kwa kuwa kila alama lazima irudiwe mara 50 kwa sekunde ili isipepese, skrini yako inabeba shabaha 48. Mwendeshaji akipunguza hadi maili 50, mwale unamaliza kazi ya mwangwi kwa 618, nafasi inakua hadi 2,715, na hesabu hiyohiyo inatoa shabaha 150.

Tazameni ukatili wa hesabu hiyo. Anapotazama mbali, ndipo shabaha zinapokuwa nyingi kwenye kioo, na ndipo muda wa kuzichora unapokuwa mdogo kabisa.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, hesabu yako ni sahihi, lakini suluhisho lipo na si gumu. Unaiba mikimbio ya mwangwi, yaani zile safari za mwale kutoka katikati hadi ukingoni. Ukiacha mmoja katika kila kumi, unapata nafasi 30 nzima za maikrosekunde 3,333 kwa sekunde, kila moja ikibeba shabaha 31. Ukijumlisha na nafasi 270 za kawaida zenye shabaha 8, unafika 3,090 kwa sekunde, yaani shabaha 61 badala ya 48. Hasara yake inavumilika: antena ikizunguka mara 15 kwa dakika na mwale wa rada ukiwa na upana wa digrii 1.5, kila shabaha inapigwa mara 5 katika mzunguko, na wizi wa moja kwa kumi uliopangwa sawasawa unaweza kuchukua pigo moja tu kati ya hayo.

Nina pingamizi moja kubwa zaidi, nalo linahusu maneno yako ya biti 8. Umepanga kila mstari utumie neno moja, na nadhani kila neno linachukua muda uleule. Sasa tuchore ndege ya rafiki, yaani nusu duara, kwa mistari minne: kutoka kushoto, 1 kulia na 2 juu; 2 kulia na 1 juu; 2 kulia na 1 chini; 1 kulia na 2 chini. Kila mstari hapo una urefu wa takriban 2.24. Mistari ya paa la adui ina urefu wa 4.24. Kwa muda uleule, mwale unakimbia karibu mara mbili kwenye alama ya adui, na mwanga wake kwa kila kipimo cha urefu unashuka hadi asilimia 53 ya ule wa rafiki. Umejenga skrini inayomfifisha adui na kumng'arisha rafiki.

Mleta mada

Mkuu, umenishika. Nimekwenda kutazama mezani, na ndivyo ilivyo. Nilikuwa nikiona paa limefifia kidogo nikadhani ni fosfa ya oskiloskopu yangu, ule unga wa kioo unaong'aa ukipigwa na mwale, imechoka.

Tiba nazifahamu mbili. Moja ni kulazimisha kasi moja: mstari mrefu upewe muda mrefu zaidi, kwa kugawa urefu kwa kasi iliyowekwa, au kwa kuukata vipande vyenye urefu unaolingana. Mwanga unakuwa sawa, ila unalipa kwa maikrosekunde, na tumeshaona zilivyo adimu. Nyingine ni kuacha muda uwe uleule na kuongeza nguvu ya mwale kwenye mistari mirefu, kwa kutumia biti moja au mbili za ziada katika kila neno. Hii haigusi bajeti ya muda, na ndiyo niliyoichagua, ingawa mwale ukiongezwa nguvu sana hunenepa na mstari hupoteza wembamba wake.

Nusu duara lako la mistari minne lilinikumbusha pia maduara makubwa ya umbali, yale yanayozunguka katikati ya skrini, ambayo kwa mistari mifupi yangekula maneno mengi. Kuna hila ya kujumlisha tu, bila jedwali la pembe: chukua mlalo, upunguze sehemu ya kumi na sita ya wima, kisha chukua wima, uongeze sehemu ya kumi na sita ya mlalo. Kugawa kwa 16 ni kusogeza biti nne tu. Baada ya hatua kama 100 duara linafungwa. Sharti ni kwamba hatua ya pili itumie mlalo mpya uliokwisha kubadilishwa. Ukitumia ule wa zamani, duara halifungi, linafunguka nje kidogo kila mzunguko kama ganda la konokono. Najua kwa sababu lilikwisha kunifungukia.

Mchangiaji wa tatu

Naomba mtusaidie kwenye rangi. Nimesoma kwamba baadhi ya skrini hizi zilikuwa na rangi bila kuwa na miale mitatu kama televisheni. Je, hilo linaathiri vipi mtambo wa alama?

Mchangiaji wa pili

Linaathiri sana. Bomba hizo zina tabaka mbili za fosfa, nyekundu na kijani, na mwale ni mmoja. Volti ya kuvuta elektroni ikiwa ndogo, zinaishia tabaka la kwanza na unaona nyekundu. Ikiwa kubwa, zinapenya hadi la pili na unaona kijani. Katikati yake unapata rangi za njano na chungwa. Hapo ndipo tabu inapoanzia: elektroni yenye kasi kubwa hupindishwa kwa shida zaidi. Kwa koili za sumaku, mpindo hupungua kwa kipeuo cha pili cha volti, hivyo ukitoka kilovolti 8 kwenda 16, picha inasinyaa hadi asilimia 71 ya ukubwa wake. Lazima mkondo wa koili uongezwe mara 1.41 kwa wakati uleule rangi inapobadilika, la sivyo alama ya kijani itakaa mahali tofauti na mwangwi wake. Na kwa kuwa volti kubwa kiasi hicho haibadiliki kwa kufumba na kufumbua, alama hupangwa kwa rangi: nyekundu zote huchorwa kwanza, kisha volti hupandishwa mara moja, ndipo zifuate za kijani.

Mleta mada

Nashukuru kwa hilo. Naomba niongeze kuhusu zile maikrosekunde 20 za kuhama, maana kuna mtu ameniuliza pembeni kwa nini ziwe nyingi hivyo. Koili hukataa mabadiliko ya ghafla ya mkondo. Koili ya maikrohenri 100 inayotakiwa kubadilisha ampea 8, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa maikrosekunde 20, inadai volti 40 muda wote huo. Ukitaka ifanye kwa 5, inadai 160, na amplifaya zako zinageuka majiko. Ndiyo sababu bomba nyingi zilipewa mfumo wa pili mdogo wa kupindisha mwale, mwepesi na wa haraka, kwa ajili ya umbo la alama peke yake, huku koili nzito zikibeba mahali. Ni utengano uleule wa vigeuzi viwili, ila sasa umefika hadi kwenye shingo ya bomba.

Mwisho nilete matokeo ya mezani, kwa kuwa niliahidi. Baada ya kurekebisha mwangaza, paa na nusu duara vimelingana. Tatizo lililobaki lilikuwa mkia mwembamba mwanzoni mwa kila alama na pengo dogo mwishoni. Agizo la kuwasha mwale linafika kwenye kioo mara moja, lakini agizo la kuupindisha linapita kwanza kwenye kichujio na amplifaya, likachelewa, hivyo mwale ulikuwa ukiwaka kabla haujafika panapoanzia mstari na kuzimwa kabla haujafika mwisho wake. Niliuchelewesha uwashaji kidogo kidogo hadi mkia ukatoweka na pengo likaziba kwa pamoja, jambo lililonihakikishia kwamba chanzo kilikuwa kimoja. Kilichobaki ni nukta kali kwenye kilele cha paa, pale mwale unapogeuza uelekeo kwa ghafla na kukawia kidogo. Mwenye kuijua tiba yake isiyopoteza ncha ya pembe, uwanja ni wake.